Saa Nilizokopa kwa Binti Yangu



Tangu niliposema katika safu hii kwamba nimemaliza masomo, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni moja: “Dada, uliwezaje, na kazi na watoto?” Wengi wanaouliza ni akina mama. Wapo pia akina baba, na wapo vijana walioacha chuo nyumbani wakaja huku wakidhani wataendelea, kisha miaka ikapita. Nimekuwa nikiahirisha kujibu kwa sababu jibu fupi, kwamba nilijitahidi na Mungu akasaidia, ni la kweli lakini halimsaidii mtu kupanga wiki yake. Leo najibu kwa kirefu, pamoja na ile sehemu ambayo sikutaka kuieleza.

Kwa wageni wa safu hii: nilimaliza kidato cha nne Mwanza, nikaolewa, nikamfuata mume wangu Brussels. Kwa miaka tisa nilisafisha nyumba za watu kwa ule mfumo wa vocha za huduma, titres-services, ambao wengi wenu mnaujua. Mteja ananunua vocha, kampuni inakulipa mshahara, na wewe unazunguka nyumba hadi nyumba na begi lako mgongoni. Ni kazi halali, ina mkataba na bima, na imelisha familia nyingi za kwetu. Lakini mwili nao una hesabu yake. Nilipofika miaka 36 daktari aliniambia bega langu la kulia limezeeka kuniliko. Njiani kurudi nyumbani nikajiuliza: nikifika hamsini nitakuwa nafanya nini?

Nilitaka kuwa msaidizi wa muuguzi. Mmoja wa wateja wangu alikuwa bibi mzee aliyeishi peke yake, na mara nyingi nilijikuta nimeacha kupiga deki ili nimsaidie kuvaa soksi au kumeza dawa zake. Kazi hiyo niliiweza na niliipenda. Nilichokosa ni karatasi.

Nilidhani mlango umefungwa kwa sababu ya cheti changu. Cheti cha nje lazima kilinganishwe na cha hapa. Anayetaka kusoma kwa Kifaransa hupeleka maombi yake Fédération Wallonie-Bruxelles, na wa Kiholanzi hupeleka NARIC-Vlaanderen. Kuna tafsiri, ada na kusubiri. Sikujua kwamba kuna mlango mwingine, halali kabisa: shule za watu wazima, ambazo kwa Kifaransa zimejulikana miaka mingi kwa jina la promotion sociale. Zina sheria yake ya mwaka 1991, zina masomo ya mchana na ya jioni, na kwa kozi nyingi asiye na cheti kinachotambuliwa anaweza kupimwa kwa mtihani wa kuingia. Masomo yamegawanywa vipande vipande. Ukifaulu kipande unapewa hati yake, kwa hiyo mtu akilazimika kusimama kwa uzazi au ugonjwa, si lazima arudi kuanza moja. Ada ni ya kuvumilika, na mara nyingi walioandikishwa Actiris kama watafuta kazi husamehewa.

Nilifanya mtihani wa kuingia, nikapita kwa tabu, na Septemba 2022 nikaanza.

Sasa tazameni saa. Darasa langu lilianza saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu na nusu usiku, siku tatu kwa wiki. Uangalizi wa watoto baada ya masomo, ambao wanangu wanauita opvang, ulifungwa saa kumi na mbili hiyo hiyo. Mume wangu anafanya kazi kwenye maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege wa Zaventem, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku. Mtoto wa kiume alikuwa na miaka 6, dada yake 11.

Halafu kuna kalenda. Watoto wanasoma shule ya Kiholanzi, mimi nilikuwa shule ya Kifaransa. Mwaka huo huo wa 2022 shule za Kifaransa zilibadilisha utaratibu wake: wiki saba hivi za masomo, wiki mbili za mapumziko, na mwaka unaanza mwishoni mwa Agosti. Za Kiholanzi hazikubadilika. Kwa hiyo Aprili 2023 watoto walikuwa nyumbani wiki mbili za Pasaka na mimi niko darasani, na Mei mimi nikapata likizo wakati wao wako shule. Nyumba moja, kalenda mbili.

Watu hunitajia mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeanza darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na miaka 84 na kuingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Namheshimu sana mzee wetu, Mungu amrehemu. Lakini Maruge hakuwa na mtoto wa miaka sita anayemsubiri langoni saa kumi na mbili jioni.

Aliyetuokoa mwanzoni ni jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama kutoka Bukavu. Nilipomweleza hakuuliza nitamlipa nini. Alisema, “Leta batoto kwangu, weye uende kusoma.” Binti yangu alimchukua mdogo wake shuleni, wakapanda basi namba 71, wakala kwa jirani, na mume wangu akawachukua kama hakuwa zamuni. Asipokuwepo, walinisubiri mimi hadi saa nne usiku, mdogo amelala kwenye kochi na viatu miguuni.

Niliona tumeweza. Nilijisifu hata kwa simu kwa dada zangu.

Sasa ile sehemu niliyoikwepa. Shuleni kwa watoto kuna daftari la mawasiliano, agenda, ambalo mzazi hulitia sahihi. Mwishoni mwa Novemba mwalimu wa binti yangu aliniita. Akanifungulia daftari na kuniuliza kwa upole kama sahihi zile ni zangu. Nilitazama wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Herufi zilikuwa zangu, mkunjo wa mwisho ulikuwa wangu, lakini sikuwa nimeweka hata moja. Katikati ya kurasa hizo palikuwa na taarifa ya kikao cha wazazi ambacho sikuhudhuria, na jaribio la hesabu ambalo mtoto alipata alama mbovu kuliko zote alizowahi kupata.

Nilitoka pale nimejawa na hasira, nikipanga maneno ya kumwambia. Tulipofika kituoni nikamuuliza kwa nini. Hakulia. Alisema, “Mama, ulikuwa unasoma. Nisingekusumbua kwa ajili ya sahihi.”

Wasomaji wangu, angenidanganya kwa uovu ningejua la kufanya. Huyu alinidanganya kwa kunihurumia. Mtoto wa miaka 11 alikuwa amejipa kazi ya kunipunguzia mzigo, na mzigo aliouona wa kupunguzwa ulikuwa yeye mwenyewe.

Usiku ule niliandika barua ya kuacha masomo. Kabla ya kuipeleka nilimpigia mama yangu Mwanza. Nilitaka aniambie nimefanya vizuri, kwamba mama halisi huchagua watoto. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Unajua nani alikuwa anapika bibi yako alipokwenda kisomo?”

Kwa vijana wasiolijua neno hilo: Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili Tanzania hawajui kusoma wala kuandika. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto atalifaa taifa baada ya miaka mingi, lakini mtu mzima analijenga au kulidumaza leo. Madarasa yakafunguliwa kila mahali, kwenye shule jioni, kwenye maghala, chini ya miembe. Kwetu Kanda ya Ziwa tayari kulikuwa na mradi wa UNESCO tangu 1968, na vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa mambo ya watu wenyewe: pamba, migomba, uvuvi. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa zima, na idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39.

Bibi yangu alikuwa mmoja wa waliofanya mtihani huo. Hadithi ya bibi na kitabu chake cha pamba naijua tangu utoto, na katika hadithi hiyo bibi ni shujaa. Sikuwahi kuuliza nani alibaki nyumbani.

“Mimi,” mama alisema. “Nilikuwa na miaka tisa. Nilipika, nikabeba mdogo wangu mgongoni.”

Nikamuuliza kama alichukia. “Nilichukia sana,” akasema. “Lakini bibi yako hakunifanya nibahatishe. Aliniita, akanikalisha kama mtu mzima, akasema: Jumatatu na Alhamisi wewe ndiwe mama wa nyumba hii. Siku nyingine usiguse sufuria, kacheze. Na akirudi, lile alilojifunza alinifundisha mimi usiku ule ule kwenye kibatari. Nilianza shule najua kusoma.”

Kisha akaongeza: “Wewe kosa lako si kusoma. Umekopa bila kumwambia mwenye mali.”

Wahenga wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Nilikuwa nimekopa saa za binti yangu kwa shangwe, kama zangu. Sikumwambia ni ngapi, za nini, wala zitarudi lini. Mtoto asiyejua deni litaisha lini huona amepoteza, basi anajifunza kutodai. Hilo ndilo lililonitisha kuliko alama za hesabu.

Barua sikuipeleka. Jumapili iliyofuata, baada ya kula, tulikaa mezani wote wanne. Mume wangu alichukua karatasi, tukaandika wiki nzima saa kwa saa, za kwangu, za baba, za dada, za mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa macho kwamba binti yangu alikuwa akimlea mdogo wake saa kumi na mbili kwa wiki. Baba yake alinyamaza muda mrefu. Nami nikamwuliza binti: “Unataka kulipwa nini?”

Alifikiri, akataja mambo matatu. La kwanza, agenda itiwe sahihi kabla ya chakula, hata kama chakula kitapoa. La pili, nikisema “subiri” niseme mpaka saa ngapi. La tatu alilisema akitazama meza: “Jumatano.”

Hapa Ubelgiji shule hufungwa Jumatano saa sita mchana. Ni mchana ambao watoto wengine huwa na mpira, muziki, au mama. Mimi Jumatano mchana nilikuwa na mteja wa saa nne, na ndiye aliyekuwa mkarimu kuliko wote. Nilimwacha. Sitawaficha, mshahara ulipungua, na kwa miezi kadhaa pesa tuliyokuwa tukituma nyumbani ilipungua pia, na ilibidi nimweleze kaka yangu kwa nini. Wapo walionielewa na wapo waliosema huku tumejisahau. Lakini deni la nyumbani kwangu ndilo lililokuwa limeiva.

Jumatano ikawa yake. Vitabu vilibaki ndani ya begi. Mara tulikwenda Matonge kusuka na kununua dagaa, mara Bois de la Cambre wakimbie, mara tulilala tu sote watatu. Mdogo naye alidai chake: hadithi ya usiku. Siku za darasa nilimrekodia kwenye simu nikiwa ndani ya tramu, hadithi za sungura na fisi nilizosimuliwa na bibi, abiria wakinishangaa.

Baba naye aliomba kazini asipangiwe zamu ya jioni siku mbili nilizokuwa darasani. Alikuwa hajawahi kuomba kwa sababu sikuwa nimewahi kumwambia aombe. Siku moja tu kwa wiki ikabaki kwa binti na jirani.

Na kuna jambo la kisheria ambalo ningependa kila mmoja wenu alijue kabla ya kuanza, si baada ya miezi mitatu kama mimi. Tangu sheria ya Januari 1985 Ubelgiji ina likizo ya masomo yenye malipo, congé-éducation payé. Mfanyakazi wa sekta binafsi anayefuata kozi inayotambuliwa anaweza kutoka kazini kwa saa kadhaa kwa mwaka huku akilipwa, mshahara ukihesabiwa hadi kiwango kilichowekwa, na mwajiri hurudishiwa fedha na serikali. Tangu 2014 jambo hili liko mikononi mwa mikoa, kwa hiyo masharti ya Brussels, Flanders na Wallonia yanatofautiana, na kinachoangaliwa ni mahali unapofanyia kazi, si unapolala. Lazima umpe mwajiri cheti cha kuandikishwa mapema, na lazima uhudhurie kwa kweli, maana utoro unaweza kukunyima haki hiyo. Msimamizi wangu aliniambia haki hiyo haiwahusu wasafishaji. Nilikwenda chama cha wafanyakazi, wakamwandikia barua moja, na ikanihusu.

Saa hizo nilizitumia hasa karibu na mitihani. Wa kwanza, wa mwili wa binadamu, nilikuwa nimeanguka. Wa marudio nilisoma na binti yangu. Alinitengenezea kadi, upande mmoja jina la kiungo kwa Kifaransa, upande wa pili kwa Kiswahili, na pembeni, kwa hiari yake, kwa Kiholanzi. Alinicheka matamshi hadi akashika tumbo. Siku hizo nilimkumbuka bibi na kibatari chake, ila hapa mwanafunzi nilikuwa mimi.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuja mwisho: mafunzo kwa vitendo katika nyumba ya wazee. Hayalipwi, na huanza alfajiri, saa za kazi za watu. Nilitumia siku zangu za mapumziko karibu zote. Anayepanga kusoma fani ya afya aanze kuweka akiba kwa ajili ya wiki hizo siku ile ile anayojiandikisha.

Nilimaliza Juni 2025, baada ya karibu miaka mitatu. Sasa ninafanya kazi katika nyumba ya wazee. Bega halijapona, lakini huku kuna mashine ya kumwinua mgonjwa, na tunanyanyua wawili wawili.

Kwa hiyo, kwa wanaouliza niliwezaje, haya ndiyo ningefanya kama ningeanza leo. Kabla ya kujiandikisha, andika wiki nzima ya nyumba yako saa kwa saa, na kila saa utakayoihitaji iandike imetoka kwa nani. Kaa na mwenye saa hiyo umwambie, hata akiwa na miaka sita. Mwambie deni litaisha lini, na umlipe kila wiki, usingoje siku ya cheti. Uliza kazini na kwenye chama cha wafanyakazi kuhusu likizo ya masomo kabla muhula haujaanza. Weka kalenda zote za shule mezani mapema. Na ukiwa na jirani kama wangu, mpelekee sahani ya pilau, na umchukulie wanawe siku ambayo hajaomba.

Kwa wanafunzi mnaosoma safu hii, ambao mama zenu wameanza kubeba vitabu: msiwafichie agenda. Mama anaweza kuchoka na bado akataka kujua.

Nimeanza kufikiria uuguzi kamili. Kwa sheria ya Ulaya ni mafunzo ya saa zisizopungua 4,600, nusu yake au zaidi kwenye wodi. Tena mimi kwanza nitahitaji cheti cha sekondari kinachotambuliwa. Jumatano iliyopita nilimweleza binti yangu, ambaye sasa ananizidi urefu. Alisikiliza, akaenda jikoni, akarudi na karatasi tupu na kalamu.

“Tuanze na Jumatatu,” akasema.

Dawa ya deni ni kulipa, wapenzi. Tukutane toleo lijalo.